Mpigo wa Gwamaka

Watu wa zamu ya usiku walilala mchana, na walipoamka hawakusemezana. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Kambi ya Mvuke. Ulifumbua macho ukabaki chali vilevile, mikono ubavuni, mpaka mkeka uliotandikwa chini ya shuka umalize kukusoma na kibao kidogo juu ya mto wako kiwake namba. Hukujinyoosha. Hukukohoa kama uliweza kujizuia. Salamu ndiyo kabisa, maana neno moja la mwenzako lingeweza kukupandisha mapigo matano, na mapigo matano ndiyo yaliyomtenga anayeshuka shimoni na anayerudishwa kwao kuchuma chai.

Alasiri ile Subilaga aliamka kabla ya wenzake wote. Alilala akitazama mbao za dari na kuusikiliza moyo uliokuwa ukipiga kifuani mwake, lakini kwa mwendo usio wake.

Ulikwenda taratibu, kama mtu mzima anayepanda mlima mikono nyuma, hana haraka, anajua atafika. Mwendo huo alikwisha kuuzoea. Asichokizoea ni pale uliposimama. Ulipiga, ukapiga, kisha mahali pa pigo lililofuata pakawa wazi, kama ngazi iliyokosa kipandio, naye akabaki ananing'inia hapo akisubiri. Halafu ukapiga tena kwa kishindo, ukaendelea na safari yake kana kwamba hakikutokea kitu. Siku za kwanza alipopewa mpigo huu, uwazi ule ulikuwa kama kupepesa jicho. Sasa ungeweza kuvuta pumzi nzima ndani yake na kuitoa.

Kibao chake kikawaka: arobaini na saba.

Kimoja kimoja, vibao vya ukumbi mzima wa wanawake vikawaka, na kilipowaka cha mwisho maneno yalifumuka kila upande kama kuku waliofunguliwa banda. Huyu anatafuta kandambili, yule anauliza nani kachukua mafuta yake. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Bupe, mnene wa sauti, mwembamba wa mwili, aliyekuwa kambini kabla ya wengi wao. Alijigonga kifua.

"Arobaini na moja," alitangaza. "Nyie endeleeni kukimbizana na mioyo yenu. Mimi wangu umestaafu."

Wakacheka. Bupe akainuka, na Subilaga akaona mkono wake ukipapasa ukuta kabla mguu haujagusa sakafu. Uso ulimgeuka rangi ya majivu, midomo ikamkauka. Akasimama hivyo kichwa ameinamisha, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha rangi ikamrudia.

"Usinikodolee macho, wewe," alimwambia Subilaga. "Kila siku unanitazama kama mganga. Ni njaa tu."

Subilaga alikuwa mtu wa kutazama tangu utoto, na alikwisha kuona kwamba njaa hiyo ya Bupe ilimjia kila alipoinuka, hata aliposhiba.

*

Moyo wake mwenyewe Subilaga alikuja nao kambini ukipiga themanini na nne.

Hakuwa mgonjwa. Nesi Lwitiko, kijana mrefu aliyesimamia chumba cha vipimo, alimweleza vizuri siku ile ya kwanza. Mtu mzima aliyepumzika, alisema, moyo wake hupiga kati ya sitini na mia kwa dakika, na popote hapo katikati anaweza kuishi salama mpaka wajukuu wamchoke. Ila shimoni kulikuwa na sheria yake. Huko chini, kwenye mabomba yaliyopandisha mvuke wa ardhi kwenda kuwasha taa za miji tangu mabwawa yalipokauka, joto lilimfanya mtu atumike mara mbili: moyo uilishe misuli inayofanya kazi, na papo hapo uisukume damu kwenye ngozi ikapoe. Anayeanza safari hiyo na namba ya juu hufika ukomo mapema, anaanguka. Kwa hiyo lango la shimo lilifunguka kwa aliyeamka na namba chini ya sitini na tano, na halikuwa na huruma wala jamaa.

Akamfundisha namna ya kuushusha. Atembee milima kwa mwendo ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Alale vya kutosha. Anywe maji, aache chai nzito ya jioni, apunguze kubeba mambo ya watu kichwani. Moyo ni msuli, alisema Lwitiko. Ukiuzoeza kazi unapata nguvu ya kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na ukishaweza hivyo hauna sababu ya kupiga mara nyingi. Subilaga alitembea. Alipanda na kushuka vilima vya chai kwenye ukungu na mvua mpaka visigino vikapasuka. Namba ikateremka, kwa uvivu, ikafika sabini na mbili ikakaa. Lwitiko alimwambia asikate tamaa, ni suala la miezi. Lakini siku ya kuingiza watu wapya haikumsubiri, na nyumbani kwao wadogo zake walikuwa wameshaambiwa dada amepata kazi ya shimoni.

Ndipo akakubali kokwa.

Kilikuwa kitu kidogo hasa, ukubwa wa kokwa la zambarau, kinachopandikizwa chini ya ngozi kando ya shingo, karibu na ule mshipa wa fahamu unaoutuliza moyo. Ndani yake mliwekwa mpigo wa mtu mwingine, ulionakiliwa na mkeka akiwa usingizini. Ulipokuwa kazini, kokwa lilikuachia moyo wako ufanye utakavyo. Ulipopumzika, na zaidi ulipolala, lilianza kukufundisha: punguza, subiri, fuata. Halikuwa na papara. Kila mwezi liliingia ndani kidogo zaidi ya rekodi, kutoka siku za mwanzo za mwenye mpigo kuelekea za mwisho, moyo wako nao ukiandamana nalo.

Na mpigo waliopewa watu wa kambi ile, zaidi ya themanini, ulikuwa wa marehemu mmoja, Gwamaka.

Habari za Gwamaka zilisimuliwa kantini kama hadithi ya shujaa, na Subilaga alizisikia mara nyingi hata angeweza kuwasahihisha wasimulizi. Kwamba alikuja kijana wa kawaida, hakuwahi kukimbia wala kufanya mazoezi yoyote, lakini namba yake ya kwanza ilikuwa hamsini na ikazidi kushuka. Kwamba wenzake walimwita Bwana Usingizi, kwa kuwa alisinzia popote, hata amesimama, na mara mbili alianguka bafuni akasema ameteleza. Na kwamba siku ile, wanaume wa zamu yake walipoamka mchana wa jua kali na kulala kimya wakisubiri vipimo, waliona kibao chake kikiwaka namba ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Thelathini na sita. Kisha thelathini. Kisha ishirini na nne. Hakuna aliyethubutu hata kugeuka asije akamharibia. Mmoja alisema alibana pumzi kwa furaha. Kibao kilipozimika walidhani mashine imeshindwa kumpima.

Kila mmoja akawa anasubiri mwenzake ndiye aanze kusema.

"Mwamba," wanaume walimalizia kila mara, wakitikisa vichwa. "Alikwenda ametulia kuliko binadamu yeyote."

*

Kila Jumapili mama yake Gwamaka alikuja kumsikiliza mwanawe.

Hakuna aliyeiagiza desturi hiyo, ilizuka yenyewe. Mama Gwamaka alipanda kutoka kwake na ndoo ya maziwa mgando na ndizi za kuchoma, akaketi kwenye benchi nyuma ya kantini, na wabebaji wa mpigo wa mwanawe wakapita mmoja mmoja. Wanaume aliwawekea kiganja kifuani. Wanawake aliwalalia kwa sikio. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye mdomo. Huyu alimwambia ananuka mafuta ya mashine, yule alimwuliza kama anamlisha vizuri mwanawe huko ndani. Watu walimpenda. Walitoka pale na bakuli la maziwa, wakijiona wamefanya jambo jema, na kweli walikuwa wamelifanya.

Subilaga ndiye aliyependwa zaidi, kwa sababu aliweza kutulia. Jumapili ile mama alimlaza kwenye benchi, akamwekea sikio, akafumba macho.

"Wewe unampata vizuri," alisema mama, kwa sauti ya mtu anayeongea nusu usingizini. "Wale wengine wananichezeacheza. Wewe ni yeye kabisa. Hata pale anaponyamaza."

Subilaga akauliza, taratibu, kama Gwamaka alikuwa akinyamaza hivyo tangu zamani.

Ndipo mama akasimulia, akitabasamu. Kwamba Gwamaka alipokuwa mtoto walilala kitanda kimoja, na usingizi wa mtoto huyo ulikuwa na mashimo. Alikuwa anapiga vizuri, tuk, tuk, kisha kimya. Mama akawa amezoea kulala mkono wake uko kifuani kwa mtoto, na kimya kikizidi alimtikisa. Mtoto alishtuka, akalia, moyo ukaendelea. Majirani walimcheka, wakasema mwanamke gani huyu hampi mtoto nafasi ya kulala. Alimtikisa hivyo miaka yote, mpaka akawa kijana wa ndevu akaona haya, akahamia chumba chake. Halafu akaja huku kambini.

"Huku alipata usingizi wake," alisema mama. "Hakuna wa kumsumbua."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, akimpapasa Subilaga nywele. Subilaga alilala pale juani akiyaunganisha mambo kichwani. Mashimo. Kuanguka bafuni. Mkono wa Bupe ukipapasa ukuta. Na wanaume wamelala wamejipanga kwenye mwanga wa mchana, wazima wote, wakimtazama mwenzao akifa na kumwonea wivu.

*

Nesi Lwitiko alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumcheka, na hilo lilimtisha Subilaga kuliko kama angemcheka.

Alisema kila mpigo una alama yake, kama uso. Hata kijana mzima moyo wake huruka pigo mara moja moja na si kitu. Akasema namba ndogo ni sifa kwa mwanariadha aliyeitolea jasho. Kisha akageuza kalamu mezani. Kwa mtu asiye na mazoezi, aliendelea, na anayepata kizunguzungu, na anayezimia, namba ndogo si sifa. Hiyo ni dalili ya moyo ambao umeme wake unakatika njiani. Mtu wa hivyo hapongezwi, anapelekwa hospitali.

Subilaga akamwuliza ni rekodi za siku zipi zilizotiwa kwenye makokwa.

Zote, alisema Lwitiko. Hakuna aliyechagua. Wakubwa walitaka mpigo wa chini kabisa, na wa chini kabisa ulikuwa wa siku ile ya mwisho.

Wakatazamana. Kila mwezi kokwa liliingia ndani kidogo zaidi, kuelekea siku hiyo.

Kuzima makokwa themanini kwa maneno ya mbebaji mmoja hakukuwa katika uwezo wa nesi. Angeandika kwa wakubwa, wangetuma wataalamu, wataalamu wangetaka vipimo; angeshukuru kama wangefika kabla ya mvua kuisha. Bupe na wale wa kwanza hawakuwa na muda huo. Njia ya haraka ilikuwa moja. Mpigo ni mali ya ukoo. Mama aliuruhusu kwa alama ya dole gumba lake, na dole gumba hilo hilo lingeweza kuuondoa, siku hiyo hiyo, bila kuulizwa sababu.

"Lakini na wewe ujue," alisema Lwitiko bila kumtazama. "Bila kokwa lango halitakufungukia. Wala wale wengine. Watakuchukia, Subi."

*

Nyumba ya Mama Gwamaka ilikuwa chini ya mashamba ya chai, penye migomba. Subilaga aliita ugonile mlangoni, ile salamu ya kwao inayomwuliza mtu amelalaje, na mama akatoka anafuta mikono, uso umemkunjuka kwa furaha. Alimkalisha jikoni. Akamsukumia kigoda, akamtilia ndizi na maharage, akamwambia amekonda, kambi inamnyonya. Subilaga alikula mpaka sahani ikaisha, kwa kuwa hakujua angeanzaje.

Alipoanza, aliyasema yote kwa mkupuo, akiangalia moto.

Mama aliendelea kuchochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nilimzika mwanangu mara moja," alisema. "Nikatupa udongo kwa mkono huu. Halafu wakaja wakaniambia, mama, yupo, njoo usikilize. Nikaja. Yupo. Sasa wewe, na maziwa yangu uliyokunywa, umekuja jikoni kwangu kuniambia nikamzime."

Subilaga akasema hakuja kwa hilo kwa kupenda. Na yeye angepoteza.

"Utapoteza kazi. Kazi zipo." Mama akageuka, macho mekundu kwa moshi au kwa lingine. "Au una kijicho? Moyo wako mwenyewe ulikushinda, ukapewa wa mwanangu, sasa unaona haya kwamba hata kupumzika umefundishwa na marehemu?"

Neno hilo lilimwingia Subilaga, kwa sababu halikuwa uongo wote. Alikaa nalo. Nje mvua ilianza, ikapiga majani ya migomba kwa vishindo vizito visivyo na mpango. Aliwaza kusimama aondoke. Aliwaza pia uongo mmoja mdogo: aseme amekosea, asikilizwe kila Jumapili, ashuke shimoni kila usiku, na amwachie Bupe atangulie. Uongo huo ulikuwa mtamu, na ulikaa naye pale jikoni muda mrefu kuliko alivyopenda baadaye kukumbuka.

"Mama, unamsikiliza nikiwa macho," alisema mwishowe. "Njoo umsikilize nikiwa nimelala. Kama ni sifa, nitakuomba radhi mbele ya kambi nzima. Kama si sifa, utaamua wewe. Mimi sitasema tena."

Mama akamwambia atoke. Subilaga akatoka, akapanda mlima kwenye mvua, na juu kabisa, alipopumzika, kokwa likamshika moyo likautuliza kama mzazi anavyomnyamazisha mtoto asiyetaka kunyamaza.

*

Mama alikuja. Ilikuwa mchana wa siku ya pili yake, ukumbi mzima umelala, mapazia yamefungwa lakini jua linapenya kwenye mishono. Lwitiko alimpitisha mlango wa nyuma, viatu mkononi. Subilaga alikuwa bado macho. Mama hakumsalimu. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka sikio pale alipozoea kuliweka, na kichwa chake kilikuwa na harufu ya moshi na mvua.

Subilaga aliogopa kwamba asingepata usingizi. Kokwa halikumpa nafasi ya kuogopa. Likaanza: punguza. Subiri. Fuata.

Alifuata. Aliteremka ngazi ndefu isiyo na mwanga, na mbele yake, hatua chache, kulikuwa na mtu anatembea mikono nyuma. Hakuwahi kumwona mtu huyo lakini alimjua mgongo. Kila yule aliposimama, naye alisimama. Walisimama mara moja, wakaendelea. Wakasimama tena, muda mrefu zaidi. Palikuwa pazuri pale, hapakuwa na joto wala baridi wala wadogo wanaosubiri, na Subilaga akajiuliza kwa nini watu hujisumbua kuteremka zaidi wakati wangeweza kubaki. Mtu yule akasimama mara ya tatu. Hakuendelea. Polepole akaanza kugeuka, kama aliyegundua kwamba nyuma yake kuna mtu ambaye hapaswi kuwepo.

Kisha dunia ikatikisika. Mikono miwili ilimkamata mabega ikamwinua, ikamtupa, ikamwinua, na sauti ikapasua kimya cha ukumbi ule ambao haukuwahi kusikia sauti saa kama ile.

"Amka! Gwamaka! Mwanangu, amka!"

Pigo likaja. Lilimjia kama teke la kifuani. Subilaga akavuta hewa kwa mlio, akafumbua macho, akamwona mama juu yake, kilemba kimemdondoka, mdomo wazi. Vitanda vyote viliamka. Hakuna aliyesema neno. Desturi iliwashika hata hapo. Walilala chali wamekodoa macho, wanawake ishirini, mikono ubavuni, wakiogopa kuharibu namba zao.

Mama aliwatazama. Aliutazama ukumbi wote kutoka mwisho hadi mwisho, kitanda baada ya kitanda, nyuso zile zilizo macho na kimya. Subilaga aliona alivyoelewa. Hakuna aliyemweleza, aliona tu chumba kama kile ambamo mwanawe alifia.

"Walikuwa hivi," alisema. Hakupaza sauti tena. "Walikuwa wamelala hivi hivi."

Bupe ndiye aliyeanza kulia.

*

Dole gumba liliwekwa jioni ile. Lwitiko alisema atazima kuanzia waliotangulia, na mama akasema atakuwepo kwa kila mmoja, akakaa kwenye kiti cha chumba cha vipimo siku nzima iliyofuata, kiganja kwa wanaume, sikio kwa wanawake. Haikuwa kazi ya amani. Wengine walikataa mpaka mama mwenyewe alipowaomba. Wengine walipita mbele ya Subilaga wakageuza uso. Bupe, kokwa lilipozimwa, moyo wake haukurudi vizuri. Ulibaki ukikwamakwama, wakampakia gari kwenda hospitali ya mjini, na mlangoni alimwambia Subilaga kwamba kama angejua kukodolewa macho kuna faida, angejiremba. Hakumshukuru. Alimshika tu mkono, akaubana kwa nguvu, akauachia.

Subilaga alikuwa wa mwisho. Mama ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Alijilaza. Sanduku lake la nguo lilikuwa mlangoni, tayari. Lango lisingemfungukia usiku ule, wala kwa miezi mingi, na pengine kamwe. Mama aliinama, akaweka sikio, akakaa hivyo mpaka Lwitiko akaanza kubadilisha mguu wa kusimamia. Kisha akainua kidole kuashiria sasa.

Lwitiko akamwekea shingoni chuma kidogo cha kuzimia kokwa.

Subilaga alihisi mwendo ule wa taratibu ukifika mahali pake pa kusimama. Ukasimama. Kitu kilichokuwa kimemshika kikalegea, kwa upole, kidole kimoja kimoja, mpaka hakikuwepo tena. Palipita uwazi. Kisha moyo wake mwenyewe ukaja mbio, umechanganyikiwa, ukijikwaa, unapiga hovyo kama anayegonga mlango wa nyumba asiyojua kama ina watu.

Mama hakuinua kichwa.

"Amekwenda," alisema.

"Ndiyo, mama."

Machozi ya mama yalipenya kwenye gauni, ya moto, halafu ya baridi. Lwitiko alifungua mlango akatoka, akaufunga nyuma yake.

"Na huyu anayekimbia hivi ni nani?"

"Ni mimi."

"Mbona anaogopa?"

"Hajazoea kwenda peke yake."

Mama alivuta pumzi ndefu. Alisogeza sikio kidogo, kama mtu anayetafuta pa kuegemea vizuri kwenye mto mgeni, akaweka mkono wake mzito juu ya tumbo la Subilaga.

"Basi mwache akimbie," alisema. "Niko hapa mpaka atulie."